Kopo la Punje za Mahindi

Baba Paulina,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi nimekwama hapo hapo. Siwezi kukuuliza hujambo. Basi naruka salamu, jambo ambalo mama yako asingenisamehe, niende moja kwa moja kwenye lililo moyoni. Siku ile hospitalini, ukiwa huwezi hata kukaa, uliniuliza, "Kopo langu liko salama?" Nikakujibu liko salama. Nilikudanganya.

Asubuhi ile nilikuwa nafunga nguo zako tuondoke. Kuku mweupe alikuwa mlangoni ananisumbua. Nikaona kopo mezani pako lina punje za mahindi, nikachota chache, nikamrushia. Mkono ulipokwisha kufunguka ndipo nikakumbuka zile punje ni za nini. Kuku hakunisubiri nihesabu. Nilikaa na jambo hilo miezi mitano, na leo nakuambia kwa sababu nimeshalimaliza.

Ngano imevunwa. Mashine za shamba zimepita hadi kwenye uzio wa shule, na kwa wiki nzima darasa la sita wamepiga chafya nyingi kuliko hesabu walizojibu. Paulina ameota meno ya mbele. Nyumba ni ya mwalimu, na mwalimu ni mimi, kwa hiyo hatujahamishwa. Meza yako iko vile vile: redio nne za zamani, zenye taa za kioo ndani, ulizookota kwa watu waliokimbilia redio ndogo za betri, amplifaya ya misheni, na lile redio-gramu kubwa aliloliacha mgeni wa mradi wa ngano aliporudi kwao. Ulisema ukilifufua hilo, tutasikiliza santuri za kwaya kama watu walioketi ndani ya kanisa. Na transfoma yake, ile ya kupeleka sauti kwenye spika, uliiacha waya wake nusu umesokotwa, kwenye kekee ya mkono, ile ya kutobolea mbao, uliyoibana mezani ikuzungushie.

Kabla mwezi huu haujaanza ukoo ulikuja kutoka Masieda kugawa vitu vyako. Ndugu yako Tluway alilizunguka redio-gramu mara mbili, akagonga mbao zake, akasema litafaa kuwa kabati la vyombo. Nikasema halitoki. Akasema mashine bubu ni mbao tu, na mwanamke atalifanyia nini. Wewe unanijua. Nilimwambia mjomba wenu mbele ya wote kwamba nitalifanya liimbe. Mjomba akacheka kidogo, akatoa neno: tutarudi Jumapili ya pili, likiimba libaki, likiwa bubu Tluway alibebe.

Kulehemu nilijua, maana nani alikushikia tochi miaka yote hiyo? Hofu yangu ilikuwa ile hesabu. Daftari lako lilisema mizunguko elfu tatu na mia mbili. Kila ukifika mia ulitia punje moja koponi. Nilimwaga kopo, nikakuta punje ishirini na moja. Kama ningeliamini kopo ningeongeza waya mwingi kuliko unaotakiwa, vyuma vyake vya katikati visingeingia, na waya mwingine wa unene ule haupo Hanang yote. Kuku alikula ngapi? Mbili? Tano? Njia ilikuwa moja tu, kufungua kazi yako yote, mzunguko mmoja mmoja, nihesabu mwenyewe, kisha nianze upya.

Mama yako, ambaye hajaondoka kwangu tangu tulipokuzika, alinikuta nafungua. Aliniuliza kwa nini naharibu kitu mwanawe alichokifanya kwa mikono yake. Nikamwambia yote, kuku, kopo na uongo wa hospitalini. Nililia, nakiri. Yeye akaenda zake jikoni.

Nikaendelea. Nikafika mia nne na kitu, mwalimu mwenzangu akapita na pole yake. Nikaitika, hesabu ikapotea. Nikaurudisha waya wote niliofungua, nikaanza tena. Nikafika mia saba, wakaja wazee wawili wa Endasak, na mzee hapitwi bila shikamoo. Ikapotea tena. Ndipo nilipokuelewa na ile chaki yako. Unakumbuka? Mama yako alikuja kwa miguu toka barabara kuu, akasimama mlangoni, na wewe ukaandika kwanza mezani hesabu uliyofikia, sitini na nne, ndipo ukamwamkia. Hakusema nawe siku nzima. "Salamu haisubiri chaki," alisema jioni, na wewe ukaomba msamaha huku mimi nacheka nyuma ya pazia.

Basi, Baba Paulina, mwanamke huyo huyo alitoka jikoni na kigoda. Akakiweka nje ya mlango, akaurudisha mlango nyuma yake, akasema, "Wewe hesabu. Mimi nitaitika."

Aliitika siku tatu. Nilimsikia akipokea pole za watu, akiuliza ng'ombe, akiuliza mvua, akiuliza watoto wa watu asiowajua. Yule mzee mfugaji wa bondeni uliyemtengenezea redio alikuja pia, na wawili hao walisalimiana mpaka nikamaliza mia mbili nzima. Kila aliyeuliza mwalimu yuko wapi alijibiwa, "Yuko na kazi ya mume wake."

Ilikuwa elfu mbili na mia nne. Kuku alikula punje tatu. Nilitoka nje nikamwambia mama, naye akasema, "Tatu tu?" akaendelea kuchambua maharage.

Nikasokota upya, nikalehemu, nikapima. Jumapili ukoo ukaja, tukala, tukangoja jenereta ya shamba iwashwe saa kumi na mbili. Taa ya dari ilipowaka nikabonyeza swichi. Kimya. Tluway akasubiri kidogo, akainuka, akashika pembe ya mbao. Mimi sikusogea. Nilikuwa nakusikia ukisema, "Mpe muda apate joto, naye ni mtu mzima." Vitaa vyake vikaanza kuwa vyekundu mle ndani, kimoja, kisha vyote. Ukaja mngurumo mdogo. Halafu sauti ya mtangazaji ikajaa chumba, nene, karibu, ikawaamkia wazee wote wanaosikiliza: shikamooni.

"Marahaba," mama yako akaitika, palepale, kwa sauti ya mtu aliyekaa mlangoni siku tatu.

Hakuna aliyecheka. Tluway aliachia ile pembe, akarudi kukaa, na baada ya muda akauliza kama naweza kuongeza sauti kidogo. Niliongeza. Baadaye tukaweka santuri ya kwaya, na Paulina akalala chini karibu na spika kama alivyokuwa akilala ukiwa hai. Hapo ndipo nilipokukosa kuliko siku zote. Ulitakiwa uwepo. Sina njia nyingine ya kulisema.

Nisamehe ule uongo. Nilitaka ulale bila wasiwasi, na sikujua kwamba yatakuwa maneno yetu ya mwisho kuhusu kazi yako.

Sasa nakuahidi. Inayofuata ni amplifaya ya misheni, kisha zile redio nne, na hakuna hata moja itakayokuwa kabati. Kuku mweupe tulimla Jumapili hiyo ya ukoo, na mama yako alidai yeye ndiye wa kula firigisi. Punje nimezirudishia tatu zilizopungua, nimetafuta mfuniko unaobana, na kopo nimeliweka juu kabisa ya rafu.

Lala sasa, Baba Paulina. Kopo lako liko salama, na safari hii ni kweli.

Mama Paulina