Blanketi za Siku ya Ukaguzi

Walikale, tarehe 9 mwezi wa tano 2023

Papa wangu Nzabonimpa,

Jambo sana. Natumaini karatasi hii itakukuta unapumua vizuri na ule mguu umepunguza kuvimba. Sisi huku tuko wazima. Albert bado anafundisha, na Trésor ameota meno mawili ya mbele ambayo ameshaanza kuyatumia kuniuma. Huyo mjukuu wako hana heshima hata kidogo.

Najua simu haina maana kwako tangu masikio yazibe, kwa hiyo barua nimempa shofa wa lori la Fuso anayetuletea samaki wadogo, sambaza, kutoka ziwani. Nina habari. Kamati inayosaidia nyumba za wazee imenichagua niwe mkaguzi wake. Walitaka muuguzi wa Walikale, mtu asiye na ndugu upande wa Bweremana. Nyumba ya pili kwenye orodha yao ni Tulizo, hiyo unayolala hapo Bweremana. Pale kamati wananijua kama Madame Albert tu, na hakuna aliyeniuliza baba yangu yuko wapi. Nilipaswa kusema. Sikusema, kwa sababu nataka kuingia humo nione kwa macho yangu.

Unakumbuka laiteri ya Kirolirwe, kile kiwanda cha maziwa? Nilikuwa napanda juu ya ndoo nikuone ukipima fromaji, zile jibini za mviringo. Wenzako walisifu ganda la njano, wewe ulisukuma ile sonde, kijibomba cha chuma cha kutobolea, mpaka katikati, ukavuta, ukanusa. Ukikunja pua, basi, mwenye maziwa alilia bure. Hata ya shemeji yako uliwatupia mbwa. Nitakagua hivyo hivyo. Niambie kabla sijafika: mnakula nini, mnalala vipi, nani anawaogesha?

Binti yako,
Murekatete


Bweremana, tarehe 17 mwezi wa tano 2023

Mwanangu Murekatete,

Amani iwe kwenu nyote. Mimi nipo. Mguu ni ule ule, kikohozi kinakuja na kuondoka. Mwambie Trésor kwamba akifikisha meno manne atakuwa amemshinda babu yake, kwangu yamebaki matatu.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa Élysée, mama anayefua nguo hapa. Ni mtu wa kuaminika, endelea kupitia kwake. Nimeisoma mara nyingi na moyo wangu hautulii.

Unamjua Valens, yule aliyekuwa analeta maziwa laiteri kwa kichwa, akiimba njia nzima. Kitanda chake kinagusana na changu. Tangu alipopooza hawezi kuinuka. Yeye ndiye masikio yangu, kila kinachosemwa hapa ananirudilia kwa nguvu kwenye sikio la kushoto. Mimi ni mikono yake. Ninamgeuza, ninamlisha, ninamfukuzia nzi. Ndiyo sababu nilikataa kuja kwako mwaka jana, hukunielewa, ukanuna.

Juzi Mama Brigitte, mkubwa wa nyumba, alitukusanya. Alisema hivi, na Valens akanirudilia: "Bazee, kule ngambo balifunga nyumba juu ya rapoti mubaya. Bazee benzenu balibakia ku barabara. Munataka na sie iwe vile?" Kisha akatufundisha majibu.

Kirolirwe kuna watu wa bunduki ndani ya nyumba yangu, maharagwe yangu wanavuna wao. Ukinichukua mimi, Valens atageuzwa na nani? Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikiomba. Ukija, usitoboe. Tazama ganda, andika nzuri, uende. Tutaonana kama watu wasiojuana. Nitakuita Madame.

Uchome barua hii.

Baba yako,
Nzabonimpa


Walikale, tarehe 6 mwezi wa sita 2023

Papa,

Nakusalimia tena, ingawa siku nane zilizopita nilikushika mkono nikakuambia "Jambo, Mzee". Natumaini u mzima. Mimi sipati usingizi tangu nirudi, na Albert anadhani ni malaria.

Umekonda. Acha nianze na hilo. Nilitaka kukukumbatia, badala yake nikaandika kitu kwenye karatasi ili nipate mahali pa kutazama. Blanketi zote kumi na mbili zilikuwa mpya, bado na mikunjo ya duka. Nyama ilikuwa jikoni inachemka, lakini mafiga hayakuwa na majivu ya jana wala ya juzi. Niliuliza wazee kumi na mmoja, mmoja mmoja, na wote kumi na mmoja walinijibu: "Tunakula mara mbili, tunaoga mara tatu kwa juma, Mungu asifiwe." Nawe ulisema hayo hayo, ukinitazama kwenye paji la uso.

Nikafika kwa Valens, ambaye hakuna aliyetaka nimuulize kitu. Nimekuwa muuguzi miaka kumi na mitano, harufu ile sihitaji kuelezwa. Nilishika ukingo wa blanketi. Ukaweka mkono wako juu ya wangu, mbele ya Mama Brigitte, ukasema, "Iko analala, Madame. Umuache." Alale wapi, Papa! Macho yalikuwa wazi, yananitazama mimi. Nami nikaachia.

Nimeandika "Nzuri". Mwisho wa fomu kuna swali la mkaguzi mwenyewe: je, una undugu na mkaaji yeyote wa nyumba hii? Nimejibu "Hapana" na kutia sahihi. Nimekukana kwa kalamu ya kamati. Nimekukasirikia sana, na mimi mwenyewe nimejikasirikia zaidi.

Binti yako, kama bado nina haki ya neno hilo,
Murekatete


Bweremana, tarehe 15 mwezi wa sita 2023

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Albert na kwa huyo muuma watu. Haki hiyo huwezi kuipoteza kwa kalamu. Hasira yako nimeipokea, ni yangu.

Nitakuambia yaliyofuata kwa kuwa sipendi uyasikie kwa mwingine. Gari lenu lilikuwa halijapita soko walipokuja kukusanya blanketi. Mama Brigitte alizikunja kwa mikunjo ile ile na kuzifungia kwenye depo, ile stoo yake. Tumebaki na magunia yetu. Nyama tulionja mchuzi. Mimi aliniita mbele ya wote akanipa yai la kuchemsha, kwa sababu nilizuia mkono wa Madame. Nusu nilikula, nusu nikamlisha Valens. Lilikuwa tamu, Murekatete, na hilo linaniuma kuliko mguu.

Lakini bado tuko chini ya bati, ujue hivyo. Hakuna aliyetupwa barabarani.

Sasa nina haja. Valens ana kidonda nyuma, chini ya kiuno. Pasaka kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati. Leo kiganja changu hakikifuniki. Wanakiosha kwa maji ya chumvi siku wakikumbuka. Mimi namgeuza, ila mikono imechoka na mara nyingine usingizi unanishika kabla ya zamu yake. Tuma dawa na vitambaa vya kufungia. Usikawie.

Baba yako,
Nzabonimpa


Walikale, tarehe 2 mwezi wa saba 2023

Papa,

Mko salama? Valens anaendeleaje? Sisi tuko, tunashukuru.

Mzigo nilimpa shofa tangu tarehe 20: dawa, vitambaa, sabuni, glovu, na biskuti zako laini. Leo ameurudisha. Upande wa Sake risasi zinalia na magari hayapiti. Alinipa pole mpaka nikamwonea huruma yeye. Barua hii inaenda na pikipiki ya mtu wa parokia anayejua njia za vilimani, karatasi anakubali, mzigo hataki.

Kidonda hicho hakingoji. Mwite Mama Brigitte kitandani, mwambie mbele ya watu kwamba Valens anahitaji daktari. Usimwombe kwa upole. Piga ile fimbo yako chini kama ulivyokuwa unatupigia sisi.

Binti yako,
Murekatete


Bweremana, tarehe 30 mwezi wa saba 2023

Murekatete,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Valens alifariki Jumanne.

Nilifanya ulivyosema. Mama Brigitte alikuja mpaka kitandani, nikapiga fimbo, nikadai daktari. Akajibu kwa kunyooshea kidole ukuta, pale alipobandika rapoti yako. Mimi sikusikia kitu. Nikamwinamia Valens, na kwa pumzi iliyobaki akanirudilia maneno yaliyomhusu yeye mwenyewe: "Anasema mukaguzi aliandika iko muzuri. Kama iko muzuri, munganga ni wa nini?" Baada ya hapo hakunirudilia kitu tena.

Tulimwogesha mimi na Élysée. Pembeni ngozi ilikuwa nzima kabisa. Katikati palikuwa na shimo, na ndani ya shimo niliona mfupa. Miaka ishirini na miwili nilitoboa fromaji za watu ili nijue kilichomo, na hii moja nikaweka mkono wangu juu yake isiguswe. Walimfunika blanketi mpya padri alipokuja. Padri alipoondoka waliichukua, tukamzika na shuka.

Sasa watu wananifungulia midomo tu. Sijui nani anasema nini. Usiku kikohozi kinanishika, na sina tena wa kuamka kumgeuza.

Njoo bila kutangaza. Toboa. Andika yote, pamoja na mkono wangu. Wakitufukuza, watufukuze.

Baba yako,
Nzabonimpa


Walikale, tarehe 12 mwezi wa nane 2023

Papa wangu,

Pole. Neno ni dogo, lakini sina jingine. Nimemlilia Valens, na nimelia kwa sababu ya karatasi yangu ukutani.

Nimekwenda kamati, nikasema kila kitu. Walinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha mwenyekiti akauliza, "Madame, ulitudanganya wakati ule, ao unatudanganya sasa?" Wamenitoa kazini. Nyumba yenye "Nzuri" haikaguliwi tena mpaka mwaka uishe, ndiyo sheria yao. Nilipiga kelele, nikakataa kutoka ofisini. Mwisho walikubali kumtuma mtu mwingine tarehe 28, ila hawataki maneno yangu. Wanataka maneno ya mkaaji, kwa mwandiko wake.

Nimekuwekea humu fomu tupu. Ijaze wewe, polepole, kama ulivyokuwa unajaza daftari la laiteri. Kisha uifiche. Ninakuja kukuchukua, Papa. Njia ikikataa gari nitapanda pikipiki, pikipiki ikikataa nitatembea. Sasa hakuna Valens wa kukuzuia, na usiniambie nyumba yetu ni ndogo. Trésor atalala nasi.

Jifunike vizuri.

Binti yako,
Murekatete


Bweremana, tarehe 27 mwezi wa nane 2023

Papa,

Nimefika leo Jumapili. Sikuoga, nilikuwa na matope mpaka magotini, lakini Mama Brigitte aliponiona getini alinitambua. Alifikiri nimekuja kukagua. Alipiga makofi, na nilipoingia ndani nikawakuta watu wake wanatandika blanketi, mbio mbio, zile zile. Kwenye kitanda chako walikuwa wameshatandika moja. Nilisimama nikaitazama. Ilikuwa imelala sawasawa, hakuna mtu chini yake.

Élysée alinivuta kando. "Alikohola siku ine, Madame. Nililomba blanketi ku depo, banasema ile njo ya bakaguzi." Ulizikwa Ijumaa. Siku mbili tu, Papa. Siku mbili nilizokaa Masisi nikingoja njia ifunguke.

Sikulia pale. Nilitumia ule u-Madame wangu kwa mara ya mwisho. Nikamwambia Mama Brigitte alete na zilizobaki, zote, nami nikawafunika wazee kumi kwa mikono yangu. Niligeuza wawili. Mmoja amekwisha kuanza kidonda. Mzee mmoja alinishika sketi akauliza, "Madame, ukiandika, tutalala wapi?" Nikamvutia blanketi mpaka mabegani. Ndipo nikamwambia Mama Brigitte mimi ni nani. Alikaa kwenye kitanda chako.

Fomu Élysée aliitoa kwenye ndoo yake ya sabuni, alikoificha ulipomkabidhi. Mwandiko ni wa laiteri, wima, bila kufuta. Mnakula mara ngapi? Mara moja, uji. Nani anawaogesha? Élysée, akipata nafasi. Una blanketi? Nilifunikwa mara moja, tarehe 29 mwezi wa tano, kutoka asubuhi mpaka saa nane. Una mtu wa kumwambia shida zako? Ndiyo. Madame mkaguzi. Ni mtoto wangu, alinyamaza kwa sababu nilimwomba.

Mkaguzi mpya anafika kesho. Nitampa fomu yako na barua zetu zote, hata ile uliyosema nichome. Hii ya leo nitaiweka juu. Na kwa kuwa swali la mwisho la fomu, lile la mkaguzi mwenyewe, halikuwa lako kulijibu, nimelijibu mimi chini ya mwandiko wako. Je, una undugu na mkaaji yeyote wa nyumba hii?

Ndiyo.

Binti yako,
Murekatete