Safu ya Wanachama wa Kawaida

Jumapili, Erdington

Ile fomu ya orodha ya wanachama ninayotakiwa kuituma Nairobi bado iko mezani, na Jumamosi mjumbe wa makao makuu ya chama anatua kutoka Nairobi kukagua kama tawi letu la Birmingham liko hai.

Safu ya viongozi imejaa mpaka nimeandika pembeni. Mwenyekiti, manaibu wake watatu, mimi katibu, mratibu wa vijana ambaye ana wajukuu. Kila aliyejiunga tulimpa cheo ili asitukimbie. Safu ya wanachama wa kawaida ni nyeupe. Hakuna hata mmoja.

Leo baada ya ibada nilimwonyesha mwenyekiti. Hakushtuka, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Katibu, andika wanakwaya," alisema. "Si wote ni Wakenya?"

"Hawajaulizwa, Mzee."

"Wataulizwa wakishaandikwa."

Mimi ni nesi. Wodini siwezi kuandika kwamba mgonjwa amekula wakati sahani imerudi imejaa. Hapa naombwa niandike kwamba... Na nikikataa, tawi litafungwa, na watasema ni mimi niliyeliua.

Mume wangu alichungulia fomu akacheka. "Sasa nyinyi huwa mnaongoza nani?"

Nikaivuta fomu, nikachukua kalamu.

Basi nimefuta neno "Katibu" mbele ya jina langu, nikajiandika kwenye safu ile tupu. Sasa tuna mwanachama mmoja wa kawaida, na hatuna katibu wa kuituma fomu.