Ndara Zinazotazama Nje

Hail, Maskati
14 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Suud,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Japani? Unakula? Usinijibu kwa kipicha cha kidole gumba, nnataka maneno. Nnakuandikia kwa karatasi maana simu unaizima. Sie wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto, na joto limetukalia kama limetumwa. Idd tumeila bila yako. Ya ngapi hiyo? Hesabu mwenyewe.

Ile filamu ya majambazi wa Kijapani uliyoikata na kuiunga tumeiona. Alkhamisi, wiki moja kabla ya Idd, baada ya alasiri, dada yako Shatha kaiweka kwenye TV akawa ananisomea maandishi ya chini, maana mimi skuli niliishia darasa la tatu na maandishi yenyewe yanakimbia. Mama yako alikaa chini, karibu kabisa na kioo.

Nikwambie kweli? Mwanzo mmenitisha mpaka kahawa ikanipoea mkononi. Mvua haikatiki, watu wazima na suti zao wanatazamana hawasemi. Na yule mama mzee! Mwanawe jambazi hakuja kumzika baba yake, sasa karudi, kasimama nje anarowa. Anagonga mara tatu, kimya. Mama anainuka, mkono ushafika kwenye komeo... ndio mkatuhamisha kwenye gereji, risasi saa nzima, watu wanaanguka kama nazi kavu! Mama hatukumwona tena. Alifungua? Aliyegonga mzima au maiti? Mmebandika pilau zuri, mkaliepua mchele haujaiva.

Na usinifanye mjinga. Shatha ananambia Wajapani viatu huvielekeza mlangoni, mtu avae atoke. Yule mama wa filamu, viatu vya mwanawe kavielekeza ndani. Hiyo yangu mimi! Nilimfundisha mama yako tangu Unguja: aliyesafiri, ndara zake zitazame ndani, zimvute arudi. Zako ziko hivyo mlangoni mwaka wa sita huu. Umemtia mama yako kwenye filamu, na baba yako Msellem alipokufa mwaka juzi ukasema kazi nyingi. Kazi gani hiyo, ya kumlilia baba kwenye kioo, kaburini hujafika?

Sasa sikiliza kilichonishikisha kalamu. Tangu siku ile mama yako anakirejesha kipande kile kile cha mlango, kila alasiri. Ngo, ngo, ngo. Sahani namwekea, naiondoa imejaa.

"Nataka nimwone akifungua," anasema.

"Nasriya, hapana kilichobaki hapo. Mwanao kakata."

Ananitazama kama mimi ndiye kipofu.

Jumatatu nikasikia tena ngo, ngo, ngo. Nikapiga kelele, "Nasriya, zima TV hiyo, umetuchosha!" Akanijibu kutoka jikoni, "Mama, haijawashwa."

Nikaenda kufungua. Hapana mtu. Jua limesimama njiani, hata paka hapiti. Kizingiti kimerowa maji. Nikasema maji ya AC haya. Lakini AC iko ubavu wa pili wa nyumba. Na ndara zako, Suud, zinatazama nje.

Nimewauliza wote, wanaapa hawakuzigusa. Mama yako hakuapa. Alikaa pale pale kwenye majimaji, akasema, "Alikuja. Nimechelewa kufungua, keshaondoka."

Mimi vivuli siviogopi, nimeviona vingi. Namwogopea mwanangu. Kakonda, bangili zinamvuka mkono zenyewe. Wewe hukujua ile filamu iishe vipi kwa sababu mlango huo mwenyewe hujauingia. Ndio maana ukakimbilia risasi. Njoo uingie, mama yako akuone una mwili.

Shatha anakusalimu. Mjomba wako Murshid anakusalimu, anasema atakupokea uwanja wa ndege saa yoyote. Mama yako hajui kama nnakuandikia. Mola akukinge na mvua za ugenini, akulete mkavu mpaka kwangu.

Ndara nimezigeuza kwa mkono wangu, zinatazama ndani. Ukija usigonge. Piga hodi kwa sauti yako, utaje jina. Kinachogonga kikanyamaza, sikifungulii tena.

Akupendaye hata akikukaripia,
Bibi yako Zakiya