Boila la Dele

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Wajerumani walifanya haraka kuleta gari moshi Tabora. Wangeningoja nizaliwe. Ningewaundia lao, tena dogo, la kubeba kwapani.

Mpaka sasa nimeunda kipande cha chuma. Cha mraba tu, si cha kitu chochote. Wiki ya tatu nakipiga tupa. Babu Kasanda anaweka rula juu yake, anachungulia kama mwanga unapita, anasema bado. Si babu yangu wa damu. Ni fundi mstaafu wa karakana ya reli, anaunda vijiinjini vya mvuke uani kwake Isevya, kwa raha yake. Mchana nagonga vibatari kwa Ami sokoni. Jioni tupa. Mikono imekufa.

Alhamisi, 5 Septemba
Bado.

Jumapili, 8 Septemba
Asubuhi shamba la ujamaa, jembe mpaka saa sita. Mgongo si wangu tena. Jioni Babu akasema kipande kimenyooka. Mimi nilijua siku nyingi. Darasa la sita nililiacha mimi, halikuniacha.

Sasa silinda. Kipande cha bomba la shaba, upana wa kidole gumba. Pistoni nimeichonga mwenyewe. Inateleza kama ulimi wangu.

Jumamosi, 14 Septemba
Boila hatuna. Shaba imeadimika kama sukari. Bibi kanipa dele lake kuukuu la kahawa, lililokuja na msafara kutoka Bagamoyo, kichwani mwa mpagazi. Ukimsikiliza Bibi, hata paka wetu alikuja na msafara. Linavuja kitako. Nimelilehemu.

Babu kasema injini ikizunguka mbele ya msimamizi wa karakana, rafiki yake, ataniombea kazi kule. Kwaheri vibatari.

Sharti moja. Boila lipimwe kwanza kwa maji. Ulijaze pomoni, ulisukumie kwa pampu ya baiskeli, ungoje uone kama litahimili. Kasema: "Maji hayana kinyongo, mjukuu wangu. Likipasuka kwa maji, utalowa. Likipasuka kwa mvuke, tutakuita marehemu."

Ijumaa, 20 Septemba
Saumu. Kinywa kama gunia. Pampu ya Ami ngozi yake ya ndani imekwisha, haisukumi. Nimezunguka maduka matatu. Hakuna, hakuna, hakuna. Msimamizi anakuja keshokutwa. Nimechoka hata kuandika.

Jumamosi, 21 Septemba
Boila nimelipima. Safi. Babu kaniuliza mara mbili, nimemjibu mara mbili.

Jumapili, 22 Septemba
Imezunguka. Niandike hilo kwanza. Makaa yakashika, mvuke ukapanda, gurudumu likaondoka lenyewe, msimamizi akavua kofia. Nikamwambia aanze kunitafutia kiti ofisini. Akacheka.

Babu akainama kuisikiliza silinda, mkono wa kulia karibu na kitako cha dele. Kitako kikaachia. Mlio haukuwa hata mkubwa. Ngozi ya mkono wake ikabanduka kama ganda la nyanya ya moto. Msimamizi kampakia kwenye baiskeli, kampeleka hospitali. Mimi nimebaki uani kuzima makaa.

Jumatano, 25 Septemba
Nimekwenda kumwona. Shikamoo. Marahaba, kama siku zote. Mkono umefungwa mpaka kiwiko. Vidole viwili daktari hana hakika navyo.

Msimamizi alikuwepo. Akauliza nani alilipima boila. Sijafungua kinywa, Babu akamjibu: "Kijana alipima. Kosa ni langu, nilimfundisha vibaya."

Msimamizi akaridhika. Akasema nianze kazi baada ya Idi. Babu akaniambia nichukue tupa zake zote, yeye hatazishika tena. Nikapitia uani kwake, nikazifunga kwenye gunia, nikazibeba.

Ijumaa, 27 Septemba
Tupa ziko chini ya kitanda. Sijazifungua.

Bibi kauliza habari za dele. Nikamwambia limepasuka. Kasema basi, lilikuwa limechoka, limetoka mbali.

Daftari hili halisomwi na mtu, na bado nimelidanganya. Jumamosi ile nilikaa na dele mapajani mpaka adhana ya magharibi. Pampu haina ngozi. Nikalifuta kwa kitambaa likang'aa, nikalirudisha kwa Babu.

Sikulipima.