Mstari wa Ufuko wa Ujiji

Dodoma, 3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kikohozi kimekuachia. Mimi na aliye tumboni hatujambo, ingawa daktari bado anailalamikia presha yangu. Mwezi ujao naja kujifungulia nyumbani, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza.

Ofisini nimepewa kazi ya kulinganisha ramani mbili za mtandaoni, nami nimezipima kwa mahali ninapopajua: nyumba yetu ya Ujiji. Ramani ya kampuni inaonyesha maduka na foleni, hata inasema kwa sauti wapi pa kukata kona. Katika picha yake ya setilaiti naliona bati letu na michikichi mitatu ya marehemu Mama. Ramani ya watu wa kujitolea, ambayo yeyote aweza kuihariri, ina vichochoro vyote na hufunguka pasipo mtandao. Lakini mhariri mmoja, ajiitaye Mchikichi, amepitisha mstari wa ufuko nyuma ya nyumba yetu, kana kwamba tunaishi ziwani! Kabla sijamsahihisha, tafadhali simama mlangoni, uniambie maji yako wapi.

Mwanao,
Rozalia

Mwandiga, 19 Juni 2024

Binti yangu,

Marahaba. Kikohozi kimeisha. Nimechelewa kwa kuwa nilitafuta sentensi isiyopandisha presha, nikaikosa.

Usimsahihishe Mchikichi. Ni mimi.

Ziwa liliingia sebuleni wakati wa masika. Picha uitazamayo ilipigwa kabla ya hapo. Haisemi uongo, inasema ya jana. Nilikuficha kwa ajili ya hali yako. Ila nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Kuiacha ramani impeleke mgeni kwenye njia iliyozama, hilo lilinishinda. Nikavua viatu, nikaufuata ukingo wa maji huku nikichora kwenye simu. Jirani yetu Hamdani akanicheka: "Mwalimu! Nyumba ziwa limeshaichukua, na hati unaliandikia wewe?"

Sasa nimepanga chumba kimoja hapa Mwandiga, nyuma ya karakana ya Nikodemu, fundi baiskeli. Sijui nikuambie uje wapi.

Baba yako

Dodoma, 21 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nililia kwanza, kisha nikaenda kupimwa: presha haikupanda.

Katika taarifa yangu nimeandika kwamba anayetafuta duka mjini atumie ramani ya kampuni. Anayeufuata ufuko atumie ile iliyochorwa na mtu aliyelowa miguu. Mstari wako nimeuacha ulivyo.

Ada yataka mtoto wa kwanza azaliwe kwa babu yake. Haisemi lolote kuhusu ziwa. Nakuja Mwandiga. Tatizo ni kwamba ramani zote mbili hazina njia ya kutoka barabarani hadi kwako.

Mwanao,
Rozalia

Mwandiga, 5 Julai 2024

Mama,

Hujambo? Huku tu wazima, na Nikodemu ametuachia chumba cha pili.

Njia nimeichora leo asubuhi. Ukishuka kwenye gari, shika mkono wa kulia, pita karakana; upande wa kushoto ni mkato, lakini una mteremko usiokufaa sasa. Hamdani ameniletea mche wa mchikichi kutoka Ujiji, akidai ndio kodi ya ziwa kwa kukaa nyumbani kwetu.

Njia inapoishia pana kisanduku cha jina la mahali. Nimekiacha kitupu. Huku nyumba huitwa kwa jina la mtoto, naye hajafika.

Babu