Mkono Nilioinua

Papa,

Nilipokuja na habari ulitaka nianze na nilichokiona, kisha nilichosikia. Ninachodhani ulisema niwawekee watu wa redio. Basi nafuata mpangilio wako.

Mama ni mzima. Bado anatenga sahani yako ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, halafu anaila mwenyewe akisema samaki hawana kosa. Barabara ya kwenda mji wa Miti siku nyingine haipitiki, na siku inayopitika hujui kama utarudi. Redio yetu ilifungwa wenye silaha walipochukua mji. Miaka mingi nimetangaza nani amezuiwa wapi. Sasa nakaa Nyalukemba, nalitazama ziwa.

Mitumbwi yako mitatu ilibaki ufukoni majuma mengi, imefungwa pamoja kwa miti yake mirefu. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa, na wakubwa wapya walikataza taa ziwani. Anayetaka ruhusa huenda ofisini kwao, huinua mkono, huapa kwamba kila Jumatatu ataleta majina ya watu walioonekana wakivuka kwa siri. Tangu tukuzike, mwenye mitumbwi ni mimi.

Unajua nilikumbuka nini. Wavu wako ulipoibwa, ulikataa kuapa mahakamani. Jaji alicheka: "Muzee, unaogopa Mungu ao unaogopa kweli?" Ukamjibu kwa cheo chake cha mahakamani: "Prezida, minasema ndiyo. Kama ndiyo yangu haitoshi, mukono itaongeza nini?" Wavu ukabaki kwa mwizi. Mama alikusema mpaka chakula kikapoa. "Mukono kidogo tu, Papa Neema. Itavunjika?" Ulisema sisi Wakristo Wamennonite hatuapi, kwa sababu anayeapa leo anakiri kwamba jana alijipa ruhusa ya kudanganya. Kisha ukabeba beseni la Mama la kuuzia sambaza kichwani hadi juu kilimani. Wanaume wa ufukoni walikuita "Maman Sambaza", nawe ukawasalimu mmoja mmoja kwa jina. Nilikuwa mtoto. Niliona aibu, ya wavu na ya beseni.

Papa, niliapa.

Papa Déo, mpiga kasia wako wa kwanza, alikuja akasema wajukuu wake wanakula mara moja kwa siku. Hakuniomba kitu. Aliketi, akatazama mitumbwi, akaondoka. Kesho yake nilienda nikainua mkono. Ilikuwa haraka kuliko kununua chumvi. Walinipa karatasi yenye muhuri, na wapiga kasia wako sita wakarudi ziwani wakiimba. Mama alizikaanga sambaza za kwanza. Nilikula, na zilikuwa tamu. Siwezi kuandika vingine.

Leo ni Jumapili ya meza ya Bwana. Kabla ya mkate tulioshana miguu, wanaume upande wao, wanawake upande wetu. Ulitufundisha kwamba mwenye jambo na mwenzake alitoe kabla maji hayajamwagwa. Mama Déo, mke wa Papa Déo, alipiga magoti mbele yangu na beseni. "Miguu yako iko baridi, mutoto yangu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ijumaa Papa Déo aliona mutumbwi bila taa. Ule mwalimu wa kule Kasha, na bibi yake, na batoto. Walikuwa naenda kisiwani Idjwi. Anauliza: utaandika?"

Nilivuta mguu. Maji yalimlowesha kitenge. Hakufuta. Aliushika tena mguu wangu, akaukausha polepole, akiwa bado anasubiri.

Nilipiga hesabu, Papa: kesho ni Jumatatu yangu ya kwanza. Nikiandika jina, wenye silaha watakwenda kwa ndugu za mwalimu. Nikisema hatukuona mtu, nitakuwa nimeongeza uongo juu ya kiapo. Nikinyamaza, watachukua mitumbwi, na pengine mimi. Kuondoka siwezi. Kwa barabara wataniuliza karatasi, na kwa ziwa nitakuwa mmoja wa wale nilioapa kuwataja.

Mchana nilimwita Papa Déo, tukafungua miti. Utanisamehe kwamba ni Jumapili. Kamba zako zilikuwa ngumu, moja tuliikata. Mitumbwi mitatu ikifungwa pamoja ni kazi ya sambaza. Ikiachana ni vyombo vidogo vya ndoana, na kuvua kwa ndoana mchana hakuhitaji ruhusa. Kila wapiga kasia wawili wamechukua mmoja. Watapata kidogo, wanajua. Papa Déo alibeba mti mmoja kwenda nao kwake. "Nitauchunga," akasema, "mpaka siku tutafunga tena."

Kesho asubuhi nitarudisha karatasi yao. Nitawaambia: tuliona watu, na sitawataja. Mikono yangu yote miwili itakuwa chini. Mama hajui, nimemwambia tu natoka mapema, nayo ni kweli. Mengine nitamwambia asubuhi, mlangoni, kabla sijatoka.

Lala salama, Papa. Nitasema hivyo hivyo nilivyoandika. Nakuahidi. Siapi.

Neema wako