Tuta Lililokuwa Likipumua

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, miaka 43, mlinzi wa geti la kivuko cha reli, anayefahamika kazini kama Mama Bendera.
Makazi: chumba cha shirika la reli, kando ya kivuko.
Kuhusu: kutoweka kwa mnyapara wa njia ya reli.

Nimekuja kituo cha polisi kwa miguu yangu, bila kuitwa, nieleze yafuatayo.

Mnyapara aliyetoweka ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kazini tulimwita Taratibu, maana hakuwa na haraka na jambo lolote. Dada alizoea kusema chai humpoa mkononi akiwa bado anaifikiria.

Ulipojengwa ukuta wa ghala jipya, mtaro wa kando ya reli ulifukiwa, na kalvati inayopitisha maji chini ya tuta ikazibwa na vifusi. Mvua zilipokatika kila mahali palikauka, isipokuwa kipande cha reli kati ya geti langu na kona. Maji ya pale hayakuwa na pa kwenda. Treni ikipita, mataruma yanayobeba reli yalizama kisha yakapanda, na tope la kijivu likachemka kati ya kokoto kama uji. Hilo nilishalizoea. Lililonitia hofu ni kwamba treni ikishaondoka, hata mlio wake ukiwa hausikiki tena, kokoto ziliendelea kupanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Mbuzi wa jirani walikuwa wakifika pale wanasimama, halafu wanazungukia mbali.

Mnamo Jumanne ya wiki hii, saa nne asubuhi, jua likiwa kali, shemeji alikuja peke yake. Wenzake walikuwa wamepelekwa stesheni kupaka rangi kwa sababu kuna wakubwa wanakuja. Nilimweleza niliyoyaona. Hakunicheka. Alisimamisha mtaimbo kati ya mataruma mawili, akauachia. Haukuanguka. Ulianza kushuka wenyewe mpaka ukazama wote. Hatukusikia ukigota chini.

Kisha akasema, "Shemeji, hapa chini hamna kitu. Tumesimama juu ya ngozi tu."

Nikamwambia, "Basi toka hapo."

"Ngoja nichungulie kalvati. Wewe piga simu stesheni, wazuie treni ya abiria."

Nilipiga simu kutoka kibandani. Karani wa stesheni alisema treni imeshaondoka. Nilipotoka, shemeji hayupo. Pale alipokuwa ameshukia, chini ya tuta, udongo ulikuwa umelowa na kusawazika kama sakafu iliyopigwa lipu sasa hivi. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Sikuwa nimesikia ukelele wala kishindo. Nilimwita kwa jina lake halisi, ambalo sijawahi kulitamka mbele yake.

Ndipo reli ikalia. Ngo, ngo, kimya. Ngo, ngo, kimya. Niliishika kwa kiganja. Mlio ulitoka chini, si upande inakotokea treni. Afande, umeniuliza kama si chuma kinachotanuka kwa jua. Nimeishi na chuma kile miaka mingi. Kikitanuka hakinyamazi kusikiliza kama kimejibiwa.

Niliokota jiwe nikagonga. Nikajibiwa.

Sikuwa na la kufanya ila moja. Nilisema, "Nakuja, shemeji," nikachukua bendera nyekundu, nikakimbia kuelekea kona.

Treni ilisimama. Dereva akashuka amefura, akaniuliza, "Mama, unafikiri naendesha baiskeli?" Nilimwonyesha tuta kwa kidole. Tukiwa tumesimama hapo, bila uzito wowote juu yake, tuta lilishuka. Lilishuka kimya. Reli zilibaki zinaning'inia hewani na mataruma yake, kama ngazi iliyolazwa juu ya maji. Abiria walikuwa wameanza kulalamika madirishani. Wote walirudisha vichwa ndani, hata watoto.

Nilirudi nikagonga tena, mara nyingi. Sikujibiwa.

Wenzake shemeji waliitwa, wakachimba mpaka jioni, na kesho yake. Kila shimo lilijaa maji na tope kabla hawajafika popote. Dada yangu amekaa kwenye ukingo tangu siku hiyo. Ameniuliza jambo moja tu, kama mumewe alikufa upesi. Sijamweleza habari ya reli kugongwa.

Jana niliwasikia wahandisi wakisema watajaza kokoto ili treni zipite. Naomba iandikwe kwamba chini ya hizo kokoto kuna mtu, na atolewe kwanza.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo yake naye amekubali kuwa ni sahihi. Nimepiga simu ofisi ya reli mbele yake kufikisha ombi lake. Nimejibiwa kuwa kokoto zilimwagwa alfajiri na treni ya mizigo imeshapita. Shahidi aliuliza, "Walisikiliza kwanza?" Nilipiga tena kuuliza. Simu haikupokelewa.